Kabati la Taarifa ya Habari

Kila asubuhi, kabla birika halijachemka, Baba Kitinda alifungua milango ya kabati la sebuleni. Aligeuza ufunguo mdogo wa shaba, akavuta mlango wa kushoto, kisha wa kulia.

"Acha lipumue," alisema.

Hakuwa akimwambia mtu. Baba yake mzazi alikuwa akisema hivyo hivyo, na kabati lilikuwa la baba yake.

Lilitengenezwa kwa ajili ya redio. Enzi hizo redio ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, na ukiiwasha ilitaka kwanza ipate joto ndipo iseme neno. Majirani walikuja na viti vyao. Taarifa ya habari ilipokwisha, huyo baba yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Babu, alisimama, akafunga milango, akageuza ufunguo. Kacha. Mlio huo kila mtu aliuelewa: wageni wanaaga, watoto wanakwenda kuoga.

Babu alikuwa mtu wa tahadhari. Panya walipotafuna nyaya za redio, alilivisha kabati lote bati kwa ndani, juu, chini, ubavuni, hata nyuma ya milango. Bati lilitoka kwenye makopo makubwa ya biskuti. Ukifungua milango unaona maua yaliyopauka na herufi kubwa nyekundu. Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba hii, alijifunzia herufi pale. Siku hizi ni mtu mzima, anauza dawa katika duka la dawa, lakini herufi B bado imechujuka rangi kwa kidole chake cha utotoni.

Redio yenyewe ilikufa zamani. Baba Kitinda, mpiga chapa mstaafu, hakuwa na moyo wa kuitupa. Aliifunga kwa shuka, akaiweka juu ya kabati la nguo chumbani. Habari alizisikiliza kwenye redio ndogo ya betri. Na taarifa ya mchana ilipokwisha, aliizima redio ndogo, akainama, akafunga milango ya kabati lisilo na redio. Kacha. Ungemuuliza kwa nini, angekushangaa, kama vile umemuuliza kwa nini anavua viatu mlangoni.

Lakini kabati halikukaa tupu. Nyumba ilipoingizwa mtandao, mfanyakazi wa kampuni alileta kisanduku cheupe chenye taa ndogo. Watu hukiita ruta. Kazi yake ni kupokea mtandao unaokuja kwa waya kutoka nje, kisha kuurusha hewani ndani ya nyumba, ili kompyuta na simu ziupate bila waya.

"Mzee, ikae hapa kwenye rafu ya koridoni," mfanyakazi alisema.

"Koridoni, kama mwavuli?" Baba Kitinda alijibu. "Kitu cha habari kinakaa kwenye kabati la habari."

Mfanyakazi alikuwa na nyumba nyingine za kwenda. Akaiweka ruta kabatini, akajaribu mtandao milango ikiwa wazi, ukakubali. Akaaga.

Mama Kitinda ni mshonaji. Chumba chake cha kazi kiko upande wa pili wa nyumba, ukishapita korido na jiko. Humo mna cherehani chake cha miguu, meza pana ya kukatia, na vipande vya chaki vilivyochakaa mpaka kufanana na kokoto. Ameshonea mtaa mzima. Yako mavazi ya harusi aliyoyashona, na leo anawashonea watoto wa maharusi hao sare za shule.

Lakini macho yameanza kuchoka, na magoti yanalalamika akikanyaga cherehani. Mteja wake mmoja ni mkuu wa chuo cha ufundi cha wasichana. Siku moja, akijaribu gauni mbele ya kioo, mkuu alimwambia:

"Mikono yako naijua. Natafuta mwalimu wa ushonaji. Niletee cheti cha kuchora nguo kwa kompyuta, nafasi ni yako. Lakini muhula ukifunguliwa sina mwalimu, nitachukua mwingine."

Mama Kitinda alijiunga na kozi inayofundishwa kwa mtandao. Kitinda alimpa kompyuta yake ya mezani ya siku za chuo, pamoja na kamera ndogo ya kubana juu ya skrini. Mwanzoni Mama aliishika puku, ile ya kusogezea mshale, kama anayeshika kifaranga. Baadaye akaipenda. Unachora kola, haikupendezi, unaifuta, na hujaharibu hata sentimita moja ya kitambaa.

Tatizo lilikuwa mtandao. Kuna saa ulikubali, kuna saa ulikataa. Mwalimu anaeleza, mara sura yake inaganda, mdomo wazi. Ile alama ya mawimbi kwenye kona ya skrini inapungua, inabaki nukta, kisha maneno yanatokea: Hakuna mtandao.

Siku ya mtihani wa mwisho, mchana, ndivyo ilivyokuwa. Mama Kitinda alikuwa anachora mkono wa gauni. Mstari ukaishia begani. Alibonyeza, alisubiri, alibonyeza tena. Mtandao uliporudi kesho yake asubuhi, mtihani ulikuwa umefungwa.

Walimu wa kozi walimhurumia. Walimpa nafasi moja tu zaidi, Ijumaa, saa ile ile. Ikikatika tena, itabidi asubiri kozi ijayo. Na kufikia hapo chuo cha wasichana kingekuwa kimeshafungua muhula.

Mezani jioni kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake.

"Ni kampuni," Baba Kitinda alisema. "Wanatupimia mtandao kwa kijiko cha chai. Redio ya Babu haikuwa ikikatika hivi."

"Baba, redio hiyo wewe mwenyewe ulisema ilikuwa inakoroma."

"Ilikoroma. Haikukatika."

"Mimi nasema kompyuta imezeeka," Kitinda alisema. "Mbona simu yangu haipotezi mtandao? Tutafute nyingine."

"Basi mwachie mama yako hiyo simu Ijumaa, atumie mtandao wake."

"Ningeacha, ila mtandao wa simu kule chumbani kwake unasuasua. Kamera itaganda tu."

Mama Kitinda alikuwa akizungusha kikombe chake.

"Labda ni mimi," alisema. "Labda kuna mahali nabonyeza pasipofaa. Mikono hii imezoea sindano."

Akainuka, akakusanya vyombo.

Jumatano aliipeleka kompyuta kwa fundi. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akaichomeka kwenye mtandao wa dukani kwake kwa waya. Ikafunguka mara moja. Picha zilitiririka bila kusita.

"Mama, kompyuta hii haina neno," fundi alisema.

"Nyumbani inakata."

"Basi tunaweza kuifuta yote, tukaanza upya. Wakati mwingine inasaidia."

"Na michoro yangu yote ya kozi?"

"Hiyo itaondoka, kama hukuihifadhi mahali pengine."

Mama Kitinda alishika ukingo wa meza.

"Nipe nafasi nifikirie, mwanangu."

"Fikiria, mama. Sina haraka na kompyuta yako."

Alirudi nayo nyumbani, ameifunga kwa shuka, ameikumbatia. Getini alikutana na jirani yake anayefagia mbele ya nyumba. Jirani huyu mtaa mzima humwita Bi Simu. Kabla hajastaafu alikuwa mwunganisha simu, zama zile ambapo huwezi kumpigia mtu wa mji mwingine mpaka upitie kwa mwunganishaji. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, visikilizio masikioni, akichomeka waya huku na kuchomoa kule. Hata leo akishika simu sauti yake hubadilika, utadhani anakusubiri useme namba.

"Mdogo wangu, huyo mgonjwa unampeleka wapi?" Bi Simu aliuliza.

"Namrudisha, dada. Ni kompyuta. Fundi anataka kuifuta."

"Inaumwa nini?"

"Kwake haiumwi. Ikifika kwangu, mtandao unakatika."

Bi Simu aliacha kufagia.

"Rudia hapo."

"Kwake inafanya kazi. Kwangu inakata."

"Kwa hiyo mtoto anacheka kwa jirani, analia kwenu, na nyinyi mnataka kumfanyia upasuaji mtoto. Mmeangalia kwenu kuna nini?"

Mama Kitinda alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akamweleza yote, mtihani uliokatika begani, Ijumaa, chuo, na mikono yake.

"Sikia," Bi Simu alisema. "Mimi kompyuta sizijui kwa ndani. Lakini laini inayokatika naijua. Kazini, laini ikipotea, hatukuuliza nani mbaya. Tuliuliza imekatikia wapi. Unaanza upande mmoja, unakwenda kituo kwa kituo, mpaka ufike pale sauti inapoishia. Kesho nakuja mchana, saa zile zile inapokatika. Kitinda awepo na simu yake. Na usifute kitu."

Alhamisi mchana Kitinda aliomba ruhusa kazini. Bi Simu aliingia bila kubisha sana.

"Shikamoo, mama mkubwa," Kitinda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Shemeji, hujambo?"

Baba Kitinda alikuwa kwenye kiti chake, anaitafutia redio ndogo kituo.

"Sijambo. Karibu, mkata laini."

Huo ulikuwa utani wa siku nyingi. Baba Kitinda alipokuwa kijana, alifanya kazi katika mji mwingine. Mama Kitinda alikuwa akishona katika kiwanda cha sare, na kiwandani kulikuwa na simu moja, ofisini kwa msimamizi. Siku moja Baba Kitinda alipiga simu ili aseme neno lake la ndoa. Alipofika kwenye neno lenyewe, laini ikakatika. Ikabidi asafiri kuja kulisema ana kwa ana. Aliyeunganisha simu ile alikuwa Bi Simu, na tangu hapo hajasamehewa.

"Leo nimekuja kuunganisha," Bi Simu alisema. "Niambieni, mtandao unaanzia wapi mpaka umfikie Mama Kitinda?"

Kitinda alionyesha kwa kidole. Unatoka nje kwa waya, unaingia kwenye ruta, ruta inaurusha hewani, kompyuta inaudaka.

"Kituo cha kwanza, waya wa nje. Hizi taa za ruta zinasema nini?"

Walisogea kabatini. Milango ilikuwa wazi. Taa zote zilikuwa kijani. Moja ilikuwa na mchoro mdogo wa dunia kando yake.

"Hii ya dunia ndiyo ya mtandao kutoka nje," Kitinda alisema. "Ikizimika au ikiwa nyekundu, tatizo liko kwa kampuni."

"Mtandao unapokatika, huwa inakuwa nyekundu?"

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kuiangalia.

"Leo tutaiangalia," Bi Simu alisema. "Sasa leteni kompyuta hapa. Tuichomeke kwa waya, bila hewa."

Kompyuta ililetwa sebuleni, ikawekwa juu ya meza ya chai, ikaunganishwa na ruta kwa waya mfupi. Mtandao ukaja. Mama Kitinda akafungua somo la video, likaenda mpaka mwisho bila kusita.

"Kampuni inaleta, ruta inapokea, kompyuta inasoma," Bi Simu alisema. "Kimebaki kituo gani?"

"Hewa," Kitinda alisema. "Lakini mama mkubwa, simu yangu inatumia hewa hiyo hiyo na haipotezi."

"Simu yako ina bando?"

"Ina."

"Lizime. Uache waifai ya nyumbani peke yake."

Kitinda alilizima, na hapo akaelewa. Mtandao wa nyumbani ulipokuwa ukipotea, simu yake ilihamia kwenye mtandao wa bando kimyakimya. Ilikuwa inamdanganya kwa nia njema.

Waliirudisha kompyuta chumbani kwa Mama, safari hii bila waya. Mama Kitinda akakaa na somo lake. Kitinda akasimama koridoni, anatazama alama ya mawimbi kwenye simu. Bi Simu akavuta kiti mbele ya ruta, mikono mapajani, kama zamani mbele ya ubao wake.

"Sasa tunafanya nini?" Kitinda aliuliza.

"Tunasubiri ugonjwa uje wenyewe."

Redio ndogo ilisoma habari. Baba Kitinda alisikiliza huku ametazama dari, kama anavyosikiliza siku zote. Mtangazaji akashukuru, akaaga. Baba Kitinda akaizima redio. Akainuka. Akainama. Kacha.

"Mawimbi yameshuka," Kitinda alisema koridoni.

"Imeganda," sauti ya Mama ilitoka chumbani kwake, imejaa uchovu. "Imeganda tena."

Bi Simu hakugeuka. Alikuwa anamtazama Baba Kitinda, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo.

"Shemeji, umefanya nini sasa hivi?"

"Mimi? Sijafanya kitu."

"Umefunga kabati."

"Hicho si kitu. Kabati hufungwa."

"Lifungue."

Alifungua. Taa ya dunia ilikuwa kijani vile vile. Kitinda akasema, "Yanapanda." Baada ya muda mfupi Mama naye akasema, "Inakwenda."

"Funga tena. Usiguse kitu kingine. Tukibadilisha mawili kwa mpigo hatutajua ni lipi."

Kacha. Mawimbi yakashuka. Wakafungua, yakapanda.

Bi Simu aligonga nyuma ya mlango kwa kucha. Bati likalia.

"Huyu hapa," alisema. "Mawimbi ya ruta hupita kwenye mbao, yakipungua kidogo. Kwenye ukuta mnene hupungua zaidi. Bati huyarudisha yalikotoka. Hapa karibu yanavujia kwenye upenyo, huko chumbani hayafiki. Marehemu alizuia panya, akazuia na mtandao ambao hata hakuujua."

Kitinda aliigusa ruta. "Na ina moto."

"Ina haki. Chombo hiki hutoa joto, kinataka hewa. Mnakifungia kama kuku wa kuatamia."

Baba Kitinda alikaa. Alikuwa ameushika ufunguo wa shaba kiganjani.

"Siku ya mtihani nilisimama hapa hapa," alisema polepole. "Nikafunga. Kisha nikakaa nikawatukana watu wa kampuni."

Mama Kitinda alikuwa amefika mlangoni. Alitazama kabati, akatazama bati, kisha akanyanyua mikono yake akaiangalia, nje na ndani.

"Kwa hiyo si mikono yangu," alisema.

"Nani alisema ni mikono yako?" Baba Kitinda aliuliza.

"Mimi. Kila siku, pale kwenye kiti."

Baba Kitinda alinyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na bisibisi na koleo.

"Nalibandua bati hili leo leo."

"Weka koleo chini, Baba Kitinda." Sauti ya Mama ilikuwa tulivu. "Herufi za mtoto ziko humo. Na Babu yumo."

"Hakuna haja ya kubandua," Bi Simu alisema. "Anayehama ni mpangaji. Nyumba inabaki."

Ruta ikapelekwa koridoni, kwenye rafu ile ile aliyoionyesha mfanyakazi wa kampuni. Rafu iko juu, iko wazi, na iko katikati ya nyumba. Kitinda alitaka kuiegemeza kwenye kioo kikubwa cha koridoni ili ipendeze. Bi Simu alikataa. Kioo nacho hurudisha mawimbi, na jokofu pia, na kitu chochote kikubwa cha chuma. Baba Kitinda alipitisha waya chini ya ukuta kwa misumari midogo, umenyooka kama mstari wa kitabu alichokipiga chapa mwenyewe.

Waliizima ruta, wakaiacha ipumzike kidogo, wakaiwasha. Hapo ikabidi wasubiri taa zitulie. Walisimama wote wanne koridoni, wameinua nyuso juu ya rafu, na Baba Kitinda akakumbuka siku ambazo watu walikaa hivyo wakisubiri redio ipate joto.

"Bi Simu," alisema, "umetusaidia sana. Ule mkasa wa laini nimekusamehe."

"Unisamehe nini? Laini ile ilikuwa nzima."

"Ilikatika."

"Shemeji, nilikuwa kwenye ubao. Nilikuwa nakagua."

"Ulikuwa unasikiliza," Mama Kitinda alisema.

"Nilikuwa nakagua kwa masikio. Laini ilikuwa nzima kabisa. Wewe ulisema, 'Nilitaka kukuambia,' ukanyamaza. Ukanyamaza mpaka nikadhani umezirai. Kisha ukaweka simu chini."

Baba Kitinda alimgeukia mkewe. Mama Kitinda alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Wewe ulijua?"

"Nilikuwa nasikia unavyopumua," Mama Kitinda alisema.

Kitinda alicheka mpaka akashika ukuta. Juu ya rafu, taa ya dunia iliwaka kijani, ikatulia.

Jioni ile Baba Kitinda alipanda juu ya kiti chumbani, akaishusha redio ya Babu, akaifungua ile shuka. Aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Akairudisha kabatini mwake. Haikusema neno, lakini ilienea pale kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Ijumaa mchana Mama Kitinda alijaribu mtandao mapema. Alihifadhi michoro yake yote kwenye flashi ndogo, ili isiwe mahali pamoja tu. Kabla hajaingia chumbani, Baba Kitinda alimwita.

"Leo sitafunga kabati. Nitakaa tu."

"Funga kama kawaida," Mama Kitinda alisema. "Nisipolisikia likifungwa, nitakaa naliwaza."

Mtihani ulianza. Msimamizi alimwona kwenye kamera, akamtakia heri. Swali lilikuwa gauni la mtoto lenye mikono mifupi. Alichora kifua. Akachora mgongo. Kwa mbali alisikia redio ndogo inasoma habari, maneno hayasikiki, sauti tu, kama sauti ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Alianza mkono wa gauni. Mshale ulikuwa unapanda kuelekea begani.

Mtangazaji akaaga. Nyumba ikanyamaza.

Kacha.

Mkono wa Mama Kitinda ulisimama wenyewe. Alisubiri skrini igande. Kwenye kona, alama ya mawimbi ilikuwa kamili. Msimamizi alikuwa anapepesa macho, hai. Mama Kitinda alishusha pumzi, akasogeza puku. Mstari ukapita begani, ukazunguka, ukashuka upande wa pili.

Cheti kilikuja kabla muhula haujafunguliwa. Siku ya kwanza ya kufundisha alivaa gauni aliloshona mwenyewe, akarudi nyumbani alasiri miguu inauma kwa namna mpya. Baba Kitinda alikuwa kwenye kiti chake. Redio ndogo ilikuwa imezimwa zamani, lakini milango ya kabati ilikuwa bado wazi, maua na herufi zinaonekana.

"Hujafunga leo?" Mama Kitinda aliuliza.

"Nilikuwa nasubiri habari ziishe. Zako bado. Kaa useme."

Alikaa. Akamsimulia madarasa, madirisha, wasichana. Mmoja alikuwa amenyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, kompyuta yangu mbovu, haina mtandao."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamuuliza, imekatikia wapi? Akatoa macho. Basi tukaanza kwenye kompyuta, tukafuata waya kwa kidole, darasa zima nyuma yetu kama treni. Tukaukuta umechomoka ukutani. Alipouchomeka mwenyewe, walipiga makofi."

Baba Kitinda alicheka kwa kuridhika. Akamtazama, akausogeza ule ufunguo mdogo wa shaba juu ya meza mpaka upande wake.

"Leo funga wewe."

Mama Kitinda aliinuka. Aligusa herufi B iliyochujuka, akauleta mlango wa kushoto, kisha wa kulia. Akageuza ufunguo kwa vidole vyake vya sindano.

Kacha.